Bakapu ya kurudisha kompyuta yote venye ilikuwa, si faili tu. Mnatumia gani?

mama_taipu, Kakamega

Mulembe wadau. Naombeni ushauri juu nimechoka. Mimi nataipu hapa nyumbani Lurambi, mitihani ya shule kidogo, barua, CV, lakini kazi yenye inalisha watoto ni programu za mazishi, zile za rangi zenye picha ya marehemu mbele na historia yake ndani. Kama wewe ni wa huku magharibi unajua hiyo kazi haina kesho. Watu wanakuja Jumanne usiku wakitoka kwa mkutano wa matanga, wanataka mia tatu, Jumamosi mzee anazikwa, na huwezi ambia familia angojee kwanza kompyuta ipone.

Sasa mwezi uliopita, Jumatano, mvua ikanyesha ile ya radi, stima ikapotea ikarudi ikapotea tena. Alhamisi asubuhi nikiwasha inaandika tu haioni diski. Fundi akapima akasema hii imeenda. Na mimi sikushtuka hata, juu kila jioni nanakili faili zangu zote kwa flashi. Akaniwekea diski mpya ya SSD ya GB 256, akapiga Windows mpya, saa saba mchana niko nyumbani nachekelea.

Nikafungua faili ya mzee. Fonti haipo. Yale maandishi ya kuringa niliweka kwa jina lake, Windows ikaweka yake ya kawaida, nene, jina likavunjika mistari miwili, mstari wa pili ukasukuma picha, picha ikasukuma historia, ukurasa wa nane ukawa wa tisa na wa tisa hauna chochote ila neno "Amina". Printa nayo haijulikani, draiva (softwea yenye inafanya kompyuta iijue printa) ilikuja na CD na hii kompyuta haina hata pa kuweka CD. Zile rangi nilikuwa nimeseti pole pole mwaka mzima ndio sura za watu zisitoke za zambarau, zote zimeenda. Nilikesha Alhamisi, nikakesha Ijumaa. Zilitoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi na kijana wa hiyo boma amekaa nje kwa pikipiki, hajazima injini.

Swali langu ni hili. Diski ikikufa tena nataka nichukue ingine, nirudishe kila kitu, fonti, printa, hadi picha ya watoto kwa skrini, niendelee pale niliachia. Nimeambiwa imeji, mwingine akaniambia klona, mwingine klaudi. Kompyuta ni ya mezani, mtumba wa Uingereza, i5, RAM 8, Windows 10, nimetumia GB 131. Pesa niko nayo ya eksteno moja, ile diski ya kuchomeka nje, si mbili. Na mimi si fundi, mnielezee kama mtu wa kawaida.

fundi_kondele, Kisumu

Pole sana mama. Hii kitu naiona hapa kwa kibanda kila wiki, mtu anakuja na flashi imejaa faili anajua amejikinga, kumbe softwea, fonti, draiva na seti za printa zinakaa kwingine kabisa na flashi haijazigusa.

Yenye unataka ni imeji. Softwea inapiga diski yote picha, pamoja na zile patisheni (vipande vya diski) ndogo zimefichwa za kubutia, yaani za kuwasha Windows, inaiweka kwa eksteno kama faili kubwa. Siku ya shida unabuti na flashi ya uokoaji, unaionyesha imeji iko wapi, inaimwaga kwa diski mpya. Klona ni ndugu yake, inanakili diski moja kwa moja hadi diski ingine, ya kwanza ikikufa unafungua skrubu unabadilisha unaendelea na kazi. Iko haraka hiyo, lakini diski nzima inabeba nakala moja tu, ya ile siku uliklona. Kwa vile ni eksteno moja, enda na imeji, zinaingia kadhaa na bado unabaki na nafasi ya faili zako za kila siku.

Sasa softwea. Windows iko na yake, imejificha kwa Control Panel na bado inaitwa jina la Windows 7. Inafanya kazi, lakini Microsoft walisema tangu 2017 hawaiendelezi, na iko na maringo. Ile folda yake ya WindowsImageBackup ukibadilisha jina ama ukiiingiza ndani ya folda ingine, siku ya kurudisha inakuambia haioni chochote. Na diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani inakataa katakata. Macrium Reflect ya bure ndio sisi wote tulikuwa tunatumia, hiyo ya bure iliisha, apudeti za usalama zilisimama 1 Januari 2024, kwa hivyo mtu akikuletea ile ya zamani kwa flashi mwambie asante. Clonezilla ni bure na kazi yake ni safi sana, shida ni skrini ya maandishi matupu, inakuuliza sda ama sdb, hayo ni majina ya diski, ukichanganya hapo unafuta diski yenye kazi huku unajiangalia. Inauliza mara mbili kama una hakika. Watu hubonyeza y mara mbili. Rescuezilla ni karibu hiyo hiyo lakini unabonyeza na mausi.

Wewe ningekuwekea Veeam Agent ya Windows, ile ya bure. Unachagua kompyuta yote, unaipangia siku, inafanya kazi nyuma huku wewe unataipu, mara ya kwanza inabeba kila kitu na zinazofuata inabeba tu penye pamebadilika. Flashi ya uokoaji inatengenezwa hapo hapo ndani yake, na uitengeneze leo kompyuta ikiwa hai, usingoje matanga. Eksteno ifomatiwe kwa mpangilio wa NTFS, ule wa FAT32 haubebi faili moja inayopita GB 4. Halafu angalia nyuma ya kompyuta, kuna matundu ya USB meusi na ya bluu. Chomeka kwa bluu. Kwa nyeusi hiyo GB 131 itapita saa nzima na kitu, kwa bluu ni kama nusu saa.

naks_london, Nakuru

(Kabla mniulize, London ni mtaa hapa Naks, sijaenda ng'ambo.)

Fundi hapo tunatofautiana. Imeji inarudisha kompyuta na takataka zake zote, kama kulikuwa na virusi unarudisha na virusi, kama ilikuwa inajikokota itajikokota vile vile. Halafu hiyo Windows 10 Microsoft waliacha kuisapoti 14 Oktoba 2025, sasa unapiga picha kitu kizee ukihifadhi ya nini. Mimi niko na folda moja kwa eksteno inaitwa KUFUFUA. Ndani kuna softwea zote natumia, draiva ya printa, fonti nimekopi kutoka Windows\Fonts, na seriali zangu kwa daftari. Diski ikifa napiga Windows safi, leseni inajirudisha yenyewe ikipata intaneti juu imeshikana na mazabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta), ikifika saa tano asubuhi mimi niko na chai. Na kompyuta inarudi nyepesi kama mpya.

Mama, hiyo faili yako ni ya Publisher, ile softwea ya Microsoft ya kupanga kurasa? Kama ndiyo jua Microsoft wamesema mwisho wake ni Oktoba 2026. Anza kuzoea kitu kingine mapema.

mama_taipu, Kakamega

Ni Publisher, umenijua 😅 ile ya kununua mara moja, ya 2016. Lakini ndugu yangu, hiyo saa tano asubuhi yako ni ya fundi. Mimi kuistoli printa peke yake ilinichukua kutoka saa mbili usiku hadi mbwa wa jirani wakaacha kubweka. Na rangi je? Hizo seti ningeandika kwa daftari gani?

fundi_kondele, Kisumu

Naks, folda ya KUFUFUA ni nzuri, hata mimi niko nayo, lakini iko na tundu moja haujaliona. Tangu ile Windows 10 ya mwisho wa 2018, ukiistoli fonti kwa njia ya kawaida inaingia kwa akaunti yako peke yako, huko ndani ya folda iliyofichwa ya AppData, haiendi Windows\Fonts. Kwa hivyo unakopi folda ya Fonti ukijua umebeba zote, na ile ya jina la marehemu imebaki.

Ya virusi uko sawa, siwezi bishana. Ndio maana imeji ya kwanza kabisa inapigwa siku kompyuta ni safi, kila kitu kinafanya, na hiyo haifutwi. Na Publisher ya kununua mara moja itaendelea kufunguka hata baada ya hiyo tarehe, wanaofungiwa ni wale wa kulipa kila mwezi, kwa hivyo huyu mama ako na sababu zaidi ya kuihifadhi ikiwa imeshaistoliwa. Mama, kila programu ukimaliza toa PDF pia uweke kwa flashi. PDF inabeba fonti ndani yake, unaweza ichapa hata kwa saiba ya mtu.

mwalimu_mstaafu, Bungoma

Hamjambo nyote. Mimi naomba niongeze ya kwangu kwa sababu nilikuwa mtu wa imeji kwa miaka, kila Jumapili baada ya kanisa napiga imeji, nimejipanga, na eksteno yangu nilikuwa nimeiacha imechomekwa nyuma ya kompyuta siku zote ili isinisumbue, basi siku moja mwezi wa nne radi ikapiga mti wa jirani, ikaingia kwa waya, ikachukua kompyuta, ikachukua ruta, na ikachukua na eksteno, imeji zote za miaka mitatu ndani. Nilibaki na flashi ya uokoaji mkononi bila cha kuokoa. Siku hizi eksteno inakaa kwa kabati ya chumba cha kulala, na Jumapili naichomeka kwa saa moja tu halafu narudisha. Hiyo pia inakusaidia na vile virusi vya kufunga faili na kudai pesa, haviwezi kufikia diski ambayo haijachomekwa.

Ya pili ni ya laptopu ya binti yangu. Hiyo ilikuwa mpya mpya, Intel ya kizazi cha 11, tukapiga imeji vizuri, SSD ikaleta shida, tukabuti na flashi, ikawaka, imeji ikaonekana, lakini diski ya ndani ya kompyuta haionekani kabisa! Tulidhani hata ile mpya imekufa. Kumbe hizo mashine zina kitu kinaitwa VMD kinachosimamia diski, na flashi yetu haikuwa na draiva yake. Wakati wa kutengeneza flashi kuna mahali inauliza kama ichukue draiva za kompyuta hii, mimi niliona ni mambo mengi nikaondoa tiki. Mama, usiondoe tiki.

Na kama kuna mtu hapa ana Windows 11 kwa laptopu, aangalie kama diski imefungwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows ya diski, nyingi siku hizi zinakuja zimejifunga zenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Siku ya kurudisha utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Unakaa kwa akaunti yako ya Microsoft huko mtandaoni, uandike kwa karatasi kabla, binti yangu alikuwa amesahau hata paswadi ya hiyo akaunti.

jamaa_nyalenda, Kisumu

Kwani klaudi imefanya nini? Mimi naweka kila kitu Google Drive, kompyuta ikiibiwa, ikiungua, ikisombwa na mafuriko, najali nini.

fundi_kondele, Kisumu

Faili sawa, weka. Lakini ya bure ni GB 15, na mama anataka kompyuta yote. Hesabu nayo: imeji ya GB 200 kwa waifai inayopandisha 10 Mbps ni kama masaa 44 bila kukatika hata mara moja. Nyalenda kwenu intaneti ikikaa masaa 44 bila kukatika nipigie simu nihamie huko.

dogo_wa_njoro

Mama ukienda kununua eksteno usidanganywe na zile flashi za 2TB za bei ya nyama robo. Mimi nilinunua moja kwa mtu wa barabarani, inaandika 2TB vizuri kabisa, nikaweka bakapu yangu yote, faili zinaonekana na majina yao, ukifungua hakuna kitu. Ilikuwa GB 32 ndani, ikijaa inaanza kujiandika juu juu. Kuna kasoftwea ka bure kanaitwa H2testw, kanaijaza yote halafu kanasoma tena kuhakikisha. Kanachukua muda lakini fanya hivyo kabla hujaweka kitu.

naks_london, Nakuru

Dogo 😂 ya 2TB hata mimi ilinipata, nilikuwa naona aibu kusema.

mama_taipu, Kakamega

Wadau nimerudi, wiki tatu zimepita, nilikuwa na mazishi mengi.

Nilinunua eksteno ya 1TB dukani na risiti, nikaipima na hiyo H2testw ya dogo usiku kucha, iko sawa. Nikaweka Veeam. Flashi ya uokoaji nikatengeneza na tiki ya draiva nikaiacha mahali pake, asante mwalimu. Imeji ya kwanza nilipiga Jumapili, nikapata tundu la bluu lilikuwa limejaa utando wa buibui, GB 131 ikawa faili ya GB 84, sikujua inajikamua hivyo. Eksteno sasa inakaa kwa sanduku la nguo za Jumapili.

Halafu nikaogopa. Nikajiuliza sasa hii nitajuaje kama inarudi, na sitaki kujua siku kuna kijana wa pikipiki nje. Nikaenda kwa fundi wa hapa nikaazima diski kuukuu ya GB 500, Alhamisi nikachomoa SSD yangu kabisa nikaiweka kwa droo, nikaweka hiyo kuukuu, nikabuti na flashi. Mikono ilikuwa inatetemeka, sidanganyi. Mara ya kwanza haikubuti, ikasema hakuna kitu cha kuwasha. Kumbe lazima ubonyeze F12 ikianza ndio uchague flashi, na kwa ile orodha flashi ilionekana mara mbili, moja imeandikwa UEFI mbele. Nikachagua ya UEFI. Ikafunguka, nikaionyesha eksteno, ikaona imeji ya Jumapili, nikaiambia kompyuta yote, ikaanza. Nikaenda kupika ugali. Nikirudi imefika asilimia 60, tukala, imeisha.

Nikatoa flashi, nikawasha. Ilichukua muda kuwaka juu hiyo diski kuukuu ni nzito, lakini ikawaka, na kitu cha kwanza kuona ni picha ya watoto. Nikafungua faili ya yule mzee wa mwezi uliopita. Jina lake mstari mmoja, na mkia wa herufi ya mwisho umezunguka chini vile niliuweka. Nikachapa ukurasa mmoja, sura yake si ya zambarau. Nililia kidogo, nisiseme uongo.

Kitu moja tu. Kazi ya Jumatatu hadi Alhamisi haikuwa ndani juu imeji ni ya Jumapili, hizo nilitoa kwa flashi ya jioni. Kwa hivyo flashi ya jioni siachi, na imeji nimeipanga sasa ni Jumapili na Jumatano, naweka alamu kwa simu ya kuchomeka eksteno na ingine ya kuchomoa. Naks na folda yako ya KUFUFUA pia nimetengeneza, usikasirike. Nimeweka na draiva ya printa nimeitafuta mtandaoni nikaipata.

Sasa nimerudisha SSD yangu, na hii diski kuukuu fundi ameniuzia bei ya kutupa. Nimeichomeka pamoja na SSD ndio niiangalie lakini Windows inaandika iko ofulaini, haionyeshi kitu. Nimeharibu?

fundi_kondele, Kisumu

Haujaharibu. Hizo diski mbili sasa ziko na sahihi moja, yaani namba ya kutambulisha diski, zimetoka kwa imeji moja, na Windows haikubali mbili zenye sahihi moja kwa wakati mmoja kwa hivyo inaweka moja ofulaini. Usibonyeze ile ya kuiwasha, itabadilisha sahihi yake na inaweza kukataa kubuti baadaye. Chomoa, ifunge kwa karatasi, andika tarehe ya imeji na kalamu, weka kwa droo yenye haina unyevu. Umeipata klona yako bila kuitafuta.

mama_taipu, Kakamega

Nimechomoa. Nimeandika. Kuna watu wanabisha hodi, naona ni wa mazishi. Nitarudi.